Kupima Kaboni kwa Kutazama Rangi: Setilaiti na Maji ya Pwani

Ramani zinazoonyesha kiasi cha kaboni ogania iliyoyeyuka kwenye maji ya pwani, nyekundu iliyokolea mlangoni mwa mto na kufifia taratibu hadi buluu kuelekea bahari kuu, humfanya mtazamaji aamini kwamba kuna chombo huko angani kinachohesabu kaboni hiyo moja kwa moja. Chombo cha namna hiyo hakipo. Kinachopimwa na setilaiti ni mwanga wa jua ulioingia majini, ukazunguka humo kidogo, kisha ukarudi juu na kuvuka angahewa, na kutoka kwenye mwanga huo hadi kufikia tarakimu ya miligramu kwa lita kuna hatua tatu za ukokotoaji, kila moja ikiwa na uwezekano wake wa kupotosha. Kwanza mwanga wa maji hutenganishwa na mwanga wa angahewa. Pili, rangi ya maji hugawanywa miongoni mwa vitu vinavyoisababisha. Tatu, rangi hubadilishwa kuwa kaboni. Ugumu wa hatua hizi haulingani kila mahali, na kutolingana huko ndiko kunakoyafanya maji ya pwani yawe somo la pekee.

Tuanze na kaboni yenyewe. Wanakemia wa bahari huita kaboni ogania iliyoyeyuka ile yote iliyomo ndani ya molekuli zenye asili ya viumbe ambazo hupita kwenye chujio la kioo lenye vitundu vya takriban mikromita 0.7. Kinachobaki juu ya chujio huhesabiwa kuwa chembechembe, na kinachopita huhesabiwa kuwa kimeyeyuka, hata kama baadhi yake ni bakteria wadogo sana. Ni mpaka uliowekwa kwa ajili ya kurahisisha kazi, lakini unakubalika duniani kote. Ndani ya kundi hilo mna sukari zinazoliwa na bakteria kwa muda wa saa chache, mna asidi za mboji zilizochujwa kutoka kwenye udongo wa misitu na vinamasi, na mna molekuli sugu zinazokaa kwenye vilindi vya bahari kwa maelfu ya miaka. Vipimo vya kaboni 14 vimeonyesha kwamba kaboni ya namna hiyo katika vilindi ina umri wa wastani wa kati ya miaka 4,000 na 6,000.

Kwa jumla bahari zote zinabeba takriban tani bilioni 660 za kaboni hii, kiasi kinachoweza kulinganishwa na kaboni yote iliyomo angani katika umbo la kaboni dioksidi. Mito huongeza tani milioni 200 hadi 250 hivi kila mwaka. Kiasi hicho ni kidogo kikilinganishwa na hazina nzima, lakini chote hupitia kwenye ukanda mwembamba wa pwani, na humo ndimo hatima yake huamuliwa: sehemu huliwa na bakteria na kurudi angani kama kaboni dioksidi, sehemu huvunjwavunjwa na jua, sehemu hugandamana na kuzama, na sehemu husafiri hadi bahari kuu. Misitu ya mikoko nayo ina mchango unaostaajabisha, kwani ingawa inafunika chini ya asilimia 0.1 ya eneo la nchi kavu, imekadiriwa kuwa inatoa zaidi ya asilimia 10 ya kaboni ogania iliyoyeyuka inayotoka nchi kavu kwenda baharini. Mtu hawezi kulifuatilia jambo kubwa namna hii kwa chupa na mashua peke yake. Mashua moja hukusanya sampuli chache kwa siku, ilhali maji ya mto yaliyoingia baharini hubadilisha umbo lake kila upepo unapogeuka.

Setilaiti inapata nafasi ya kusaidia kwa sababu sehemu ya kaboni hiyo ina rangi. Majani na mizizi iliyooza huacha majini molekuli kubwa zenye pete za kaboni, na molekuli hizo hufyonza mwanga wa urujuanimno na wa buluu kwa nguvu huku zikiuacha mwekundu upite, ndiyo maana maji yenye mboji nyingi huonekana ya manjano, na yakizidi huwa ya kahawia. Katika miaka ya 1930, Mjerumani Kurt Kalle aliichunguza maada hiyo ya manjano katika maji ya bahari, na tangu wakati huo imekuwa nguzo ya elimu ya rangi ya bahari. Hapa tutaiita maada ogania yenye rangi.

Ufyonzaji wake una umbo linalotambulika kwa urahisi. Hauna vilele kama ule wa klorofili. Hushuka kwa ulaini kutoka urujuanimno kuelekea mwekundu, na katika maji mengi hupungua kwa nusu takriban kila urefu wa wimbi la mwanga, unaopimwa kwa nanomita, unapoongezeka kwa nanomita 40. Maana yake ni kwamba maji yanayofyonza kiasi fulani cha mwanga kwenye nanomita 412 yatafyonza karibu nusu ya kiasi hicho kwenye nanomita 452, na robo yake kwenye nanomita 492. Kasi ya mteremko huo haiko sawa kila mahali, na tutaona baadaye kwamba tofauti hizo ndogo zina habari nyingi.

Sasa tuitazame hatua ya kwanza, ambayo mara nyingi husahauliwa na wasioshughulika nayo. Kihisi kinapoitazama bahari kutoka umbali wa kilomita 700 au 800, takriban asilimia 90 ya mwanga kinaoupokea haukugusa maji kabisa. Umetawanywa na molekuli za hewa, vumbi, moshi na ukungu, na mwingine umeakisiwa na uso wa bahari bila kuingia ndani. Utawanyaji wa hewa huwa mkali zaidi katika mwanga wa buluu, yaani mahali pale pale ambapo maada yenye rangi huacha alama yake. Zaidi ya hapo, maji yenye maada nyingi ya rangi ni meusi katika buluu, hivyo hutoa mwanga mdogo kuliko maji mengine. Chukua pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, iliyo mbele ya mlango wa mto wenye maji ya kahawia, na tuseme maji yamechangia asilimia 4 tu ya mwanga uliofika kwenye kihisi katika nanomita 412. Ukikosea kwa asilimia 1 ya mwanga wote katika kukadiria angahewa, umekosea kwa robo nzima ya mwanga wa maji, kabla hujaanza hata kuuliza habari za kaboni.

Njia iliyozoeleka ya kukadiria angahewa ilijengwa kwa ajili ya bahari kuu. Maji hufyonza mwanga wa infraredi ya karibu kwa nguvu kubwa kiasi kwamba bahari safi huonekana nyeusi katika mwanga huo. Kwa hiyo mwanga wowote unaopokelewa hapo huchukuliwa kuwa ni wa angahewa, na kutokana nao hukisiwa ni kiasi gani cha ukungu na vumbi cha kuondoa katika buluu na kijani. Pwani dhana hiyo huvunjika. Tope linaloelea huakisi infraredi, programu hulidhania kuwa ni ukungu, huondoa kupita kiasi, na matokeo yake ni pikseli zenye mwanga hasi katika buluu, jambo lisilowezekana kimaumbile lakini linaloonekana mara kwa mara katika data za pwani. Dawa mojawapo ni kutumia infraredi ya mawimbi marefu zaidi, kama vile nanomita 1,600 au 2,200, ambako hata maji yenye tope huwa karibu meusi. Hata hivyo vihisi vingi huwa na kelele kubwa, yaani mabadiliko ya tarakimu yasiyotokana na mwanga wenyewe, katika mawimbi hayo, na kukisia kutoka nanomita 2,200 hadi 412 ni kuruka mbali mno. Pia kuna mng'ao wa misitu na mchanga wa ufukweni, ambao hutawanywa na hewa na kuangukia kwenye pikseli za maji zilizo jirani. Kwa maoni yangu, mtu anayesoma utafiti wa kaboni ya pwani angefanya vema kuisoma kwanza sehemu inayohusu angahewa, kwa kuwa makosa mengi yanayolaumiwa kwenye hatua za mbele yalizaliwa hapo.

Hatua ya pili ni kuichambua rangi. Mwanga uliotoka majini umeshaathiriwa na maji yenyewe, na planktoni wa mimea wenye klorofili, na chembechembe za udongo na mabaki ya viumbe, na maada yenye rangi, vyote kwa wakati mmoja. Klorofili ina kilele cha ufyonzaji karibu na nanomita 443, na maada yenye rangi inazidi kupanda hadi 412 na kuendelea, hivyo uwiano wa mwanga kati ya mawimbi hayo mawili husaidia kuvitenganisha. Katika maji ya kahawia sana, ambako buluu imekufa kabisa, watafiti huhamia kwenye uwiano wa kijani na nyekundu, ambao hufanya kazi vizuri hata kwa setilaiti zenye bendi chache, yaani zinazopima vipande vichache tu vya rangi za mwanga. Lakini upo mkanganyiko ambao hauondoki kirahisi: mabaki ya viumbe yasiyo hai, ambayo ni chembechembe wala si maada iliyoyeyuka, hufyonza mwanga kwa umbo linalofanana mno na lile la maada yenye rangi. Kwa sababu hiyo mbinu nyingi hutoa tarakimu moja inayojumlisha vyote viwili. Bahari kuu hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa mabaki ni machache. Mbele ya mto uliofurika, sehemu ya chembechembe inaweza kuwa kubwa, na anayeichukulia jumla hiyo yote kuwa imeyeyuka atapata kaboni nyingi kuliko iliyopo.

Hatua ya tatu ndiyo iliyo tajiri zaidi, na ndiyo inayonivutia kuliko zote. Kaboni nyingi iliyoyeyuka baharini haina rangi. Basi kwa nini rangi iweze kutupa kiasi cha kaboni yote? Jibu liko kwenye kuchanganyika kwa maji. Tuchukulie mto unaoleta maji yenye miligramu 6 za kaboni ogania kwa lita na rangi nyingi, na bahari yenye miligramu 1 na rangi kidogo. Yakichanganyika nusu kwa nusu, yatakuwa na miligramu 3.5 na rangi iliyo katikati, na kila mchanganyiko mwingine utaangukia kwenye mstari ule ule ulionyooka. Maadamu hakuna kinachoongeza wala kupunguza kimojawapo njiani, rangi na kaboni huenda pamoja kama mizigo miwili katika chombo kimoja, na kiwango cha chumvi nacho hufuata mstari wake kinyume. Ndiyo maana pwani zenye mito mikubwa zimetoa uhusiano imara kati ya rangi na kaboni. Bahari ya Aktiki ni mfano mzuri: ina takriban asilimia 1 tu ya ujazo wa maji ya bahari zote, lakini hupokea karibu asilimia 10 ya maji ya mito ya dunia, na mito kama Lena wa Siberia na Mackenzie wa Kanada huleta maji yaliyokolea mboji. Huko rangi huielezea kaboni vizuri, ingawa barafu, mawingu na jua lililo chini hupunguza siku ambazo setilaiti huweza kufanya kazi.

Mambo mawili huuvunja mstari huo. La kwanza ni jua. Mionzi ya urujuanimno hukata molekuli zenye rangi na kuzifanya zipauke, wakati kaboni yake nyingi hubaki majini katika vipande visivyo na rangi; hivyo maji yaliyokaa juani kwa wiki kadhaa huwa na kaboni nyingi kuliko rangi yake inavyodai. La pili ni planktoni, ambao wakati wa kustawi humwaga majini sukari na molekuli nyingine zisizo na rangi, na hizo pia huongeza kaboni bila kugusa rangi. Mambo haya mawili huelekea upande mmoja na hutokea zaidi majira ya joto. Katika ukanda wa pwani ya mashariki ya Marekani, ulio kati ya Cape Cod na Cape Hatteras, watafiti walilazimika kutumia milinganyo tofauti kwa majira ya joto na kwa miezi mingine, kwa sababu maji yenye rangi ile ile yalikuwa na kaboni zaidi wakati wa joto. Mlinganyo uliotengenezwa kwa sampuli za msimu mmoja, ukitumiwa mwaka mzima, hutoa ramani safi zenye makosa ya kudumu.

Hapa ndipo kutolingana nilikokutaja mwanzoni kunapoonekana wazi. Karibu na nchi kavu, angahewa na tope huifanya hatua ya kwanza na ya pili kuwa ngumu, lakini uhusiano wa rangi na kaboni uko imara. Ukienda mbali, maji huwa safi na rahisi kusomwa, lakini rangi haisemi tena habari za kaboni. Eneo linaloweza kupimwa kwa uhakika ni ukanda wa katikati, na mipaka ya ukanda huo husogea kadiri mto unavyojaa na kupungua.

Njia mojawapo ya kuurekebisha mstari uliovunjika inatokana na ule mteremko wa ufyonzaji. Kati ya nanomita 275 na 295, maada iliyotoka nchi kavu hivi karibuni ina mteremko wa taratibu, na iliyopauka juani au iliyotengenezwa baharini ina mteremko mkali. Kwa kuwa mteremko huo una uhusiano wa karibu na kiasi cha rangi kilichobaki kwa kila kipande cha kaboni, anayeujua anaweza kukadiria kaboni hata pale rangi peke yake inapodanganya. Kikwazo ni kwamba ozoni ya angani huzuia mwanga wa mawimbi hayo, hivyo hakuna setilaiti inayoweza kuyaona kutoka juu. Mteremko hukisiwa kwa takwimu kutoka kwenye bendi zinazoonekana. Inafanya kazi vizuri katika maeneo ambayo sampuli zake zilitumika kuunda mlinganyo, na nje ya hapo inahitaji kujaribiwa upya. Tahadhari hiyo hiyo inahusu mbinu za kompyuta zinazojifunza zenyewe kutokana na data. Ninaona matumaini makubwa ndani yake, lakini kompyuta iliyofundishwa kwa maji ya mto mmoja haijui chochote kuhusu mto mwingine.

Kuhusu setilaiti zenyewe, historia ni fupi. Kihisi cha kwanza cha rangi ya bahari kilirushwa mwaka 1978 kwenye setilaiti ya Nimbus-7, kikafuatiwa na SeaWiFS mwaka 1997, na MODIS pamoja na MERIS miaka michache baadaye. Vihisi vya namna hiyo huona mara nyingi lakini kwa pikseli kubwa, za kati ya mita 300 na kilomita 1, ambazo mlango wa mto mwembamba humezwa ndani yake. Setilaiti za Sentinel-2 na Landsat huona kwa mita 10 hadi 60, ila kwa bendi pana na chache, na hurudi mahali pale pale baada ya siku kadhaa. Setilaiti ya PACE, iliyorushwa na NASA mwezi Februari 2024, huugawa mwanga katika vipande vya nanomita 5 hivi kuanzia karibu na nanomita 340. Mimi naona hayo ndiyo maendeleo makubwa kwa somo hili, kwani ndani ya urujuanimno maada yenye rangi huitawala klorofili waziwazi, ingawa pikseli zake za takriban kilomita 1 bado ni kubwa kwa ghuba na mito mingi.

Kuna jambo moja la majira ya maji linalostahili kutajwa. Setilaiti nyingi hupita mahali fulani karibu saa ile ile ya mchana, kwa mfano saa nne na nusu asubuhi. Maji ya bamvua nayo, kwa kila mahali, hujaa karibu saa zile zile. Basi kama bamvua mahali fulani hujaa saa nne asubuhi, setilaiti hiyo haitayaona kamwe maji ya bamvua yakiwa yamekupwa, wakati ambapo maji ya mikoko yenye rangi nzito ndiyo hutoka kwa wingi, na wastani wake wa mwaka utakuwa na upungufu usioonekana ndani ya data zenyewe. Kihisi cha GOCI cha Korea Kusini, kilichorushwa mwaka 2010 na kukaa juu ya sehemu moja ya dunia, kilipiga picha nane kwa siku, kila saa moja, na kiliweza kuyafuata maji yakijaa na kupwa. Kwa pwani nyingi duniani bado hakuna chombo cha namna hiyo.

Haya yote hutegemea chupa. Sampuli ya kaboni huchujwa kwa chujio lililochomwa kwenye joto la nyuzi 450 ili kuondoa uchafu wa kaboni, huwekwa kwenye chupa ya kioo iliyochomwa vivyo hivyo, na hutiwa asidi hadi kiwango cha pH kifikie 2. Maabarani hupulizwa hewa isiyo na kaboni ili kuondoa kaboni isiyo ogania, kisha matone yake hudondoshwa kwenye tanuri la nyuzi 680 hadi 720 lenye platini, na kaboni dioksidi inayotoka hupimwa kwa infraredi. Alama ya kidole kwenye mdomo wa chupa inatosha kuiharibu sampuli ya bahari. Ili maabara mbalimbali zikubaliane, hutumia maji ya marejeo, ambayo kiasi chake cha kaboni kinajulikana, yanayotayarishwa Chuo Kikuu cha Miami. Sampuli ikishapatikana hulinganishwa na pikseli za picha iliyopigwa ndani ya saa chache, na karibu na mto, saa tatu zinatosha maji mengine kabisa yawe yamefika hapo.

Hata tarakimu ikiwa sahihi, bado inahusu maji ya juu tu. Katika maji ya kahawia mwanga wa buluu haufiki hata mita moja, na maji ya mto, yakiwa mepesi kuliko ya chumvi, mara nyingi huelea kama tabaka jembamba juu ya maji yenye kaboni kidogo. Kujua ni tani ngapi zinazokwenda baharini kunahitaji pia unene wa tabaka hilo na kasi ya mkondo, ambavyo hutoka kwenye vipimo vya majini na mifano ya kompyuta ya mikondo. Tena sehemu kubwa ya kaboni ya mto husafiri katika siku chache za mafuriko, na hizo ndizo siku za mawingu, setilaiti zikiwa hazioni kitu. Kwa siku hizo hutegemewa vihisi vilivyofungwa kwenye maboya na nguzo, vinavyomulika maji kwa mwanga wa karibu na nanomita 370 na kupima mng'ao wa buluu ambao maada yenye rangi huurudisha, usiku na mchana, mvua ikinyesha au isinyeshe. Mawingu yakitawanyika, picha ya kwanza ya setilaiti huonyesha maji hayo yamefika umbali gani na yamegeukia upande gani wa pwani, na vipimo vya boya hueleza yalianza na kaboni kiasi gani.